Kiangazi cha Tabora: cherehani barazani, mboga uani

Mvua ikishakata mwezi wa Mei, Tabora hubadilika haraka. Barabara za Isevya na Kiloleni zinaanza kutimka vumbi, nyasi zinakauka zikiwa zimesimama, na usiku wa Juni na Julai joto linashuka hadi nyuzi 14 au 15. Kwa binadamu ni baridi ya kujifunika kitenge cha pili. Kwa mboga ni neema. Hii ndiyo miezi ambayo kabichi inafunga vizuri, karoti inajaa, spinachi haikimbilii kutoa maua na kitunguu kinakomaa bila kuozea ardhini. Mwenye bomba au kisima na ua wa mita chache anaweza kuchuma mboga yake mwenyewe kuanzia Juni hadi mvua za Novemba.

Wanaoshindwa husema walikosa maji. Ukiwatazama kwa makini, wengi walikuwa na maji. Walichokosa ni kitu cha kuyakinga. Ndoo iliyomwagwa alfajiri kwenye tuta lililo wazi, hadi saa nane mchana jua na upepo wa mashariki vimeshaichukua, na mche umebaki umenyong'onyea kana kwamba haukumwagiliwa kabisa. Bustani ya kiangazi huku kwetu inauawa na jua, upepo na vumbi kabla haijauawa na kiu. Ndiyo sababu naihesabu cherehani kuwa zana ya bustani sawa na jembe na keni ya kumwagilia. Kivuli, wavu, gunia la kuoteshea, mfuko wa mbegu, vyote ni kazi ya sindano, na vyote hushonwa kwa mabaki ambayo mafundi wa sokoni huyakusanya pembeni na kuyatupa jioni.

Kujua kitambaa kabla ya kukikata

Nguo ya pamba na nguo ya poliesta hazifanyi kazi moja bustanini, na kwa macho huwezi kuzitofautisha kila mara. Chomoa nyuzi chache uziwashe kwa kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalopukutika vidoleni. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu, ambacho kikiwa bado cha moto kinaunguza vibaya. Pamba inanyonya maji, kwa hiyo ndiyo ya utambi wa kuvutia maji hadi kwenye udongo, ya kuchujia na ya mifuko ya kuhifadhia mboga kavu. Poliesta hainyonyi na haiozi, kwa hiyo shela la mapazia la poliesta ndilo la wavu wa kitalu.

Kitenge kipya kina dawa ya kukikakamaza inayozuia maji kuingia. Ukikata utambi kwenye kitenge ambacho hakijafuliwa, maji yatateleza juu yake. Fua kwanza kwa sabuni na maji ya moto, mara mbili. Marekani, kile kitambaa cha pamba isiyopaushwa, nayo lazima ilowekwe usiku kucha kabla ya kupima, maana inasinyaa kuliko vitambaa vingine vyote tunavyoshona, na mfuko ulioshonwa kabla ya kulowekwa utajikunja kwenye mishono mara ya kwanza utakapofuliwa. (Jina la kitambaa hiki ni kumbukumbu ya njia ya misafara ya biashara. Karne ya 19 pamba isiyopaushwa kutoka Marekani ilipita Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, kwa mizigo, ikilipia vibarua, chakula na hongo. Kitambaa kiligeuka fedha, jina likabaki.)

Halafu kuna sandarusi, yaani kiroba cha plastiki iliyofumwa, cha unga, mchele au mbolea. Ni imara, ni rahisi kupatikana, na ina adui mmoja tu, jua. Sandarusi ya kawaida ikikaa juani mfululizo inaparara, kisha inamegeuka ukiishika. Ihesabie msimu mmoja, ukibahatika miwili. Epuka viroba vilivyobeba sumu za kilimo hata kama vimeoshwa.

Uzi una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Uzi wa pamba ukigusana na udongo wenye unyevu unaoza, na mshono unafunguka kitambaa kikiwa bado kizima. Nailoni ni imara mwanzoni lakini jua linaidhoofisha. Uzi wa poliesta ndio unaostahimili vyote viwili, na bei yake si tofauti ya kukukosesha usingizi.

Kivuli cha kitalu

Kosa la kwanza la kivuli ni kutandika kiroba kizima juu ya fito nne. Kinatia giza, miche inarefuka na kuwa myembamba kama uzi ikitafuta mwanga, na upepo wa Agosti ukiingia chini yake unakibeba pamoja na fito. Kivuli kizuri kina matundu. Kinakata nusu ya jua na kuacha upepo upite.

Kwa kitalu cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, tafuta viroba vitatu vya kilo 50. Pasua kila kimoja ubavuni na ufungue mshono wa chini, upate shuka la takriban sentimita 110 kwa 95. Likate vipande vya upana wa sentimita 12, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 110. Kiroba kimoja kinatoa vipande 7, na unahitaji 19. Kata kwa kisu cha zamani kilichopashwa kwenye mkaa, nje, upande ambao upepo unakuondolea moshi. Joto linaziba ncha za nyuzi palepale. Ukikata kwa mkasi mtupu, kingo zitachambuka kabla hujafika kwenye cherehani.

Kunja kila upande sentimita 2 na ushone, upana ubaki 8. Mshono uwe mrefu, milimita 4 au zaidi. Hapa ndipo fundi aliyezoea gauni hukosea: anaona mishono midogo ndiyo imara, anashona milimita 2, na sindano inatoboa sandarusi mstari wa matundu yanayofuatana kama ukingo wa stempu. Upepo wa kwanza unaichana papo hapo. Kitambaa cha nyuzi bapa hakizibi tundu la sindano kama pamba inavyoziba, kwa hiyo kadiri unavyotoboa machache ndivyo kinavyodumu.

Baada ya hapo, kata kanda tatu za kitenge au kaki zenye urefu wa mita 3.5, uzikunje mara mbili hadi upana wa sentimita 3. Zitandaze sambamba, moja katikati na mbili pembeni, kisha shona vipande vya sandarusi juu yake kwa kukatiza, ukiacha nafasi ya sentimita 8 kati ya kipande na kipande. Kila makutano yapigwe mraba mdogo wenye msalaba ndani. Mstari mmoja tu unazunguka na kulegea. Ncha za kanda zinazobaki ndizo za kufungia kwenye fito.

Sasa namna ya kukiweka. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na Juni jua la adhuhuri linaegemea kaskazini kwa nyuzi 28 hivi. Kivuli kilichoinuliwa sentimita 60 juu ya kitalu kinaangukia sentimita 30 kusini ya pale kilipo. Ndiyo maana mtu anafunga kivuli chake sawasawa juu ya miche, akirudi saa sita anakuta ukingo mzima wa kaskazini unaungua. Kisogeze sentimita 30 kaskazini. Kuanzia Agosti kirudishe kidogokidogo, na mwanzoni mwa Oktoba jua likiwa utosini kiwe juu ya kitalu kabisa.

Kitalu chenyewe kilale kutoka mashariki kwenda magharibi, ili vipande vya sandarusi vielekee kaskazini na kusini. Jua likisafiri, michirizi ya kivuli inatembea juu ya miche, na kila mche unapata zamu ya jua na zamu ya kivuli. Vipande vikielekea mashariki na magharibi, michirizi inakaa karibu palepale mchana kutwa: mstari huu umepoa, mstari wa pili umekaangika.

Siku saba kabla ya kuhamisha miche, ondoa kivuli asubuhi na jioni, halafu siku nzima. Mche uliolelewa kivulini ukatolewa ghafla unababuka majani na kupoteza wiki nzima ya kukua.

Pembeni mwa kitalu zungushia shela la mapazia lenye kimo cha sentimita 70. Upindo wa chini ushone kama mfereji wa sentimita 6, uujaze kichanga, ambacho tunacho na hakihitaji kununuliwa. Uzito wa mchanga unafuata mabonde ya ardhi na haubaki upenyo. Upande wa juu uingie chini ya kivuli na kufungwa kwa vitanzi. Shela linazuia nzi weupe, vidukari na nondo wa kanitangaze, yule mharibifu wa nyanya aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Chandarua hakifai kwa kazi hii: nzi mweupe ana urefu wa kama milimita moja tu, anapita kwenye matundu yake bila kuinama.

Vitanda vya kuzama

Wakati wa masika tunainua matuta ili maji yakimbie. Kiangazi ni kinyume chake, lakini mazoea ni magumu, na kila mwaka utaona matuta yaliyoinuliwa yakikauka kuanzia mabegani. Chimba kitanda cha mita 1 kwa 3, toa udongo sentimita 15, kisha tifua chini sentimita 20 nyingine. Changanya madebe 3 ya samadi ya ng'ombe iliyoiva, ile isiyonuka na isiyotoa joto ukiingiza mkono ndani. Rudisha udongo kiasi cha kuacha uso wa kitanda sentimita 10 chini ya njia. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu.

Udongo wetu mwingi ni kichanga. Una raha ya kulimika na tabu ya kutoshika maji wala mbolea. Debe moja la udongo wa kichuguu kilichopondwa, kwa kitanda, linasaidia sana, kwa sababu mchwa hupandisha ule udongo mzito wa chini ambao kichanga chetu kinaukosa. Wenye udongo mzito mweusi wa mbuga hawahitaji hilo. Wao tatizo lao ni mipasuko, na dawa ni matandazo.

Kuhusu maji, kumbuka kwamba milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Juni na Julai kitanda kinahitaji kama lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku, yaani lita 15 kwa kitanda chetu, robo tatu ya dumu. Septemba na Oktoba panda hadi lita 7, dumu zima. Usimwage yote kwa mpigo. Mwaga nusu, kamwagilie kitanda kingine, urudi na nusu iliyobaki. Kichanga kikavu kinapitisha maji ya kwanza moja kwa moja hadi chini ya mizizi. Kikishalowa kidogo ndipo kinashika. Asubuhi ni bora kuliko jioni, hasa kwa nyanya, kwa sababu majani yanayolala na maji katika baridi ya Julai ndiyo yanayokaribisha bakajani.

Tandaza nyasi kavu unene wa vidole vitatu, lakini uache duara tupu la kiganja kuzunguka kila shina. Mchwa wa Tabora wanafuata kikavu, na matandazo yanayogusa shina ni daraja unalowajengea. Kila wiki inua nyasi, zitikise, vunja njia zao za udongo, zirudishe. Kazi ya dakika tano kwa kitanda, na inaokoa miche mingi kuliko sumu.

Usipande chini ya mwembe. Najua ua mwingi wa Tabora una mwembe, na kivuli chake kinavutia. Mizizi yake itakunywa kila lita unayomwaga. Pale chini weka cherehani.

Kwa ratiba: mbegu za vitunguu ziingie kitaluni mwishoni mwa Aprili, zikae wiki 6 hadi 8, zihamishwe kwa nafasi ya sentimita 10 kwa 15. Nyanya, aina ya Tanya au Tengeru 97, kitaluni mwanzoni mwa Mei na shambani baada ya wiki 4, sentimita 50 kwa 60. Ukichelewesha mbegu za nyanya hadi Juni zitasita kuota kwa sababu ya baridi ya usiku, na mtu hudhani ameuziwa mbegu mbovu. Karoti hazihamishwi, zinasiwa mahali pake. Mchicha na chainizi panda kidogo kila baada ya wiki mbili, vinginevyo utakuwa na mchicha wa kugawa mtaa mzima kwa siku kumi na baadaye hakuna.

Jambo la tumbaku

Huku Urambo, Kaliua na Sikonge, na hata pembezoni mwa mji, si rahisi kupata udongo au mikono ambayo haijagusa tumbaku. Nyanya, pilipili na bilinganya ni ndugu wa tumbaku, na kirusi cha batobato ya tumbaku kinawahamia. Kinasafiri kwa mikono, kwa visu na kwa nguo. Aliyeshinda akipanga majani ya tumbaku, akija jioni kupunguza machipukizi ya nyanya kwa vidole vilevile, anakipanda kirusi mche kwa mche. Dalili zake ni majani yenye mabaka ya kijani kizito na kijani hafifu, yaliyojikunja na kukonda. Tiba hakuna. Ng'oa mche, uuchome moto.

Kwa hiyo aproni ya bustani iwe ya bustani tu, na mikono inawe kwa sabuni kabla ya kugusa kitalu. Usipande nyanya mahali palipolimwa tumbaku msimu uliopita, kwa sababu nyingine pia: minyoo fundo. Ng'oa mche ulionyauka utazame mizizi. Ikiwa na vinundu kama shanga, kiwanja kimeshikwa, na karoti zake zitatoka na miguu miwili miwili. Pumzisha hapo kwa karanga.

Aproni yenyewe si kazi kubwa. Kaki ya upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 105: kunja sentimita 30 za chini zipande juu, shona pembeni, tayari mfuko wa kuvunia. Mikanda ipitie mabegani na kukatizana mgongoni, si kufungwa kiunoni, maana nyanya kilo nne zikining'inia kiunoni zinavuta mgongo. Pembe za juu za mfuko ndizo zinazochanika kwanza, kwa hiyo zipigie pembetatu ndogo ya mshono, na chini yake weka kipande cha kaki kiwe mara mbili. Cherehani isiyorudi nyuma isikupe shida, inua mguu wa cherehani unaokandamiza kitambaa, sindano ikiwa imezama, geuza kitambaa, shona sentimita moja kurudi.

Gunia la mboga

Kwa mwenye ua wa saruji au chumba cha kupanga, gunia ni bustani kamili. Tumia la kilo 100, lenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 105 hivi. Kabla ya yote tazama mshono wa chini uliotoka kiwandani. Ni mshono wa mnyororo: uzi wake ukikatika upande mmoja, ukivutwa unafunguka wote kwa sekunde. Ni raha ukitaka kupasua kiroba. Ni hasara ukishakijaza udongo. Kunja upindo wa chini mara mbili na ushone mistari miwili ya cherehani, umbali wa sentimita moja. Kama cherehani yako inalalamika, shona kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi mnene wa poliesta.

Kisha tengeneza kitako bapa. Gunia likiwa limegeuzwa ndani nje, bana kila pembe ya chini iwe pembetatu, pima sentimita 15 kutoka nchani, shona kukatiza hapo. Mstari wa mshono utakuwa na urefu wa sentimita 30. Geuza. Sasa gunia linasimama lenyewe badala ya kulala ubavu kama mlevi.

Liweke mahali litakapokaa msimu mzima, kwa kuwa likijaa na kulowa lina zaidi ya kilo 120. Upande wa mashariki wa nyumba ndio bora: linapata jua la asubuhi, na ukuta unalikinga na jua kali la alasiri. Litaingia madebe manne na nusu: mawili ya kichanga, moja la udongo wa kichuguu, moja na nusu la samadi.

Katikati panahitaji nguzo ya kokoto zenye ukubwa wa yai, vinginevyo maji yataishia juu na mimea ya chini itakufa. Kawaida watu hutumia kopo lisilo na kitako, wanalijaza kokoto, wanazungushia udongo, wanalivuta juu, wanajaza tena. Inafanya kazi, lakini baada ya wiki sita kichanga kinaingia kati ya kokoto na kuziba. Mshonaji ana njia nzuri zaidi. Kata shela upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 90, lishone kama soksi, upate bomba la nguo lenye kipenyo cha sentimita 12. Livalishe kopo kwa nje kabla ya kujaza. Kopo likitoka, soksi inabaki imeshika kokoto, maji yanapita, mchanga haupiti.

Mzunguko wa gunia ni sentimita 120. Mistari minne, mashimo sita kila mstari, sentimita 20 kati ya shimo na shimo, mstari wa pili ukianzia katikati ya mashimo ya mstari wa kwanza. Hiyo ni miche 24 ubavuni na minne juu. Mashimo yachomwe kwa ncha ya chuma cha moto kabla ya kujaza, upana wa vidole viwili. Tundu lililochomwa lina ukingo mgumu. Lililokatwa kwa wembe linaendelea kuchanika hadi udongo umwagike. Ubavuni panda spinachi, sukuma wiki, chainizi au mnavu. Juu, kati ya ile minne, nyanya iwe moja au mbili. Karoti na kabichi si mboga za ubavuni.

Maji ni lita 5 asubuhi kupitia nguzo na kidogo juu. Kuanzia Septemba ongeza lita 5 za jioni. Ukiona maji yanachuruzika kwenye mashimo ya kati huku chini kukavu, nguzo imepinda. Chukua fito nyembamba, izamishe ndani ya kokoto taratibu hadi ifike kitako.

Ukiondoka siku mbili tatu, utambi wa pamba unasaidia kitalu na vyungu: ukanda wa sentimita 3 uliosokotwa, ncha moja ndani ya ndoo iliyoinuliwa, nyingine imezikwa sentimita 5 kwenye udongo. Ulowanishe wote kwanza. Utambi mkavu hauanzi kuvuta.

Wadudu wa ukavu

Vumbi likitanda juu ya majani, utitiri mwekundu unastawi. Majani yanakuwa na vidoa vyeupe kama yaliyonyunyiziwa unga, halafu utando mwembamba chini yake. Osha upande wa chini wa majani kwa maji ya nguvu, asubuhi, mara mbili kwa wiki. Kwa vidukari na viwavi wachanga, mwarobaini upo kila mtaa: kilo moja ya majani mabichi yaliyotwangwa, lita 5 za maji, usiku mmoja, chuja kwa marekani iliyokunjwa mara mbili, ongeza kijiko cha sabuni ya maji. Nyunyiza jioni, kwa sababu jua linaiua nguvu yake. Chujio la marekani lina faida ya wazi: chujio la chai linaacha vipande vinavyoziba bomba la kunyunyizia.

Majani ya nyanya yaliyochimbwa mabaka angavu ni ya kanitangaze. Yachume, yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufunge, uuache juani siku tatu. Ukiyatupa chini pembeni, funza wanamalizia kukua na kurudi.

Mboga kavu na mifuko yake

Septemba mboga zinakuwa nyingi na hewa ni kavu kabisa. Ndio wakati wa kukausha majani ya kunde, nsansa ya kupika kwa karanga, pamoja na mgagani na majani ya maboga. Tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika mbili, chuja, tandaza juu ya shela lililowambwa kwenye fremu ya fito, funika kwa shela jingine, weka kivulini penye upepo. Jua kali linapausha rangi na kupoteza vitamini A. Kwa siku mbili, tatu yakiwa manene, yatavunjika ukiyaminya. Yakijikunja bila kuvunjika hayajakauka, na yataota ukungu.

Mfuko wa marekani wa sentimita 30 kwa 45 ushonwe kwa mshono wa kuficha: shona kwanza upande wa nje nusu sentimita, punguza kingo, geuza, shona tena sentimita moja. Nyuzi zinafungiwa ndani ya mshono na haziingii kwenye mboga. Mfuko huu unatosha hadi Oktoba. Mvua ikianza nguo inavuta unyevu, kwa hiyo uutie mfuko mzima ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana.

Kuitunza cherehani yenyewe

Vumbi linalotesa majani linaitesa na cherehani ya barazani. Sandarusi inaacha vichane vya plastiki chini ya meno na ndani ya nyumba ya bobini, penye uzi wa chini. Fungua usafishe kwa brashi kila baada ya viroba viwili, kisha tone moja la oili ya cherehani kila tundu. Mafuta ya kula yanaganda kama gundi na mashine inakuwa nzito.

Sindano namba 14 inatosha kitenge, 16 kaki, 18 sandarusi iliyokunjwa. Uzi uingie upande wenye mfereji mrefu. Ukiikaza sindano kinyume, itaruka mishono hata ikiwa mpya. Vitanzi vya uzi vikionekana chini ya kitambaa, tatizo ni uzi wa juu: umelegea au haukupita katikati ya visahani vya kukazia. Usihangaike na bobini. Kwenye mikunjo minne ya sandarusi acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono, mshono baada ya mshono. Na sindano iliyoshona viroba isirudi kwenye kitenge, ncha yake imeshakuwa butu na itavuta nyuzi.

Mvua za kwanza za Novemba zikinyesha, teremsha kivuli, kikung'ute, ukishike kipande kwa kipande na kukikunja mkononi. Kinachopasuka kwa kukunjwa kifumuliwe na kutupwa, kanda zake zibaki. Kilicho kizima kining'inizwe kwa kamba, mbali na sakafu, kwa sababu panya wa masika hutafuta mahali pakavu pa kuzalia. Mimina kichanga kutoka kwenye upindo wa shela kabla ya kulikunja, ukae mkavu ndani.